Maji ya kwenye Filamu

Fundi rangi alipenda sifa kupita kiasi. Siku televisheni ilipoonyesha filamu ya serikali, nusura avunje kiti kwa furaha.

"Mama Kidosho, njoo! Bomba la mtaani kwetu! Ile rangi nimeipaka mimi!"

Wageni kutoka nje walionekana wakinywa maji kando ya bomba. Mtangazaji akasema dunia nzima inatusifu.

"Kuanzia leo usichemshe maji," fundi akamwambia mkewe. "Wageni wanakunywa, sembuse sisi wenyeji?"

Mkewe aliguna, lakini akaacha kuchemsha.

Siku ya nne, binti yao mdogo, Kidosho, akaanza kuharisha. Asubuhi iliyofuata macho yalikuwa yamezama, na alilia bila machozi. Fundi aliogopa mno. Akambeba mbio hadi zahanati, mkewe akimfuata. Jirani yao muuguzi alikuwa kwenye zamu.

Muuguzi akakoroga pakiti ya chumvi maalumu ya kurudisha maji mwilini katika lita moja ya maji yaliyochemshwa. Akamnywesha mtoto kijiko kwa kijiko.

"Anakunywa maji gani nyumbani?"

"Ya bomba. Si tumeyaona kwenye filamu?"

"Shemeji, filamu ile ilitengenezwa ili watu wa nje waipende nchi yetu. Serikali nyingi hufanya hivyo. Lakini sifa hizo zikirudi nyumbani, nasi tunazimeza bila kutafuna. Tujiulize: nani kaitengeneza? Kwa ajili ya nani? Nini hakikuonyeshwa? Wewe si ulikuwepo?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Nilikuwepo. Mabomba hayakuguswa, nilipaka rangi tu. Na wageni walimiminiwa maji ya chupa."

"Uliona kwa macho yako?" mkewe akamaka. "Na bado ukaniambia nisichemshe?"

"Walivyotusifu, mke wangu, nikaamini televisheni kuliko macho yangu."

Kutwa nzima walimkodolea macho mtoto. Jioni akakojoa, ishara kwamba maji yameanza kurudi mwilini, na mama yake akalia kwa shukrani. Siku ya tatu aliomba uji.

Fundi akaenda ofisi ya maji kuuliza matokeo ya vipimo. Karani hakuficha: "Bado si salama. Chemsheni mpaka yatokote, kisha yafunikeni."

Jumapili filamu ikarudiwa. Kesho yake, kwenye foleni ya bomba, watu walimpongeza fundi kwa rangi yake. Aliona aibu, lakini akasema:

"Jamani, nilikuwepo. Wale wageni walikunywa maji ya chupa. Mwanangu ndiye aliyekunywa haya."

Siku hiyo, nyumba nyingi za mtaani zilibandika maji jikoni.