Mihuri Minne ya Prof Floribert

Kitendawili: ina mihuri minne, na haisemi neno. Usihangaike, ni barua ya Prof Floribert, mwalimu wa Lydie wa sekondari.

Lydie alikuwa ameikabidhi kwenye kibanda cha fotokopi sokoni, kwa Héritier, kijana aliyekulia ukimbizini Uganda na kurudi na Kiingereza chake. Hapo ndipo walipokutana, katika honi na vumbi, Lydie na kikwembe chake cha njano kiunoni, akitafuta mtu wa kumgeuzia matokeo ya shule kwa Kiingereza. Kabla karatasi hazijaisha, walikuwa wakigombea kiazi kimoja cha kukaanga.

Sasa ilibaki barua ya mwalimu. Chuo cha uuguzi cha Kampala kiliitaka kwa Kiingereza, mwisho Ijumaa. Alhamisi, mvua ikinyesha, Lydie akakuta kibanda kimefungwa. Jirani akamwambia kwamba Héritier amepanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda mtaa wa Saio, kumwambia Prof barua haifai. Akapiga simu.

"Barua yangu iko wapi?"

"Iko na miye, chérie. Sitaigeuza vile iko."

"Sema tu unataka nibakie Bunia nikupikie sombe."

"Sombe yako ningekula kila siku. Lakini sikia kwanza."

Héritier akamweleza. Prof aliandika kama tunavyoandika siye: mwanafunzi ana nidhamu, basi. Mapenzi yote aliyatia kwenye mihuri. Kampala hawasomi mihuri. Wanataka kujua alifanya nini. Kwa hiyo Héritier alimwomba mzee azungumze Kiswahili, aache Kifaransa cha ofisi, naye amemrekodi. Sauti ya Prof ikaja, nzito, ikikohoa:

"Siku nilishikwa na malaria, chaki ilikuwa imeisha. Huyu mutoto akachora moyo ya muntu kwenye ukuta na makala ya jikoni, akafundisha wenzake. Mupaka leo sijaifuta."

Lydie akakaa juu ya gunia la mtu, akalia, akacheka.

Usiku haujaingia, Héritier alikwisha kuyageuza maneno yale bila kuyatia sukari, Prof akatia sahihi. Kampala ikamkubali.

Asubuhi ya safari, mbele ya basi, Héritier alishika begi la Lydie asiliachie.

"Na miye, nani ataniandikia barua kwa papa yako?"

"Prof."

"Ataweka mihuri minne tu."

"Aweke hata minane," Lydie akasema, akimrekebishia kola. "Lakini aandike vile ulifika Saio umeloa, ukitafuta barua ya kuniondoa kwako."