Nilimshonea Nguo Mwanamke wa Stesheni

Nina miaka thelathini na mmoja, ni mama wa binti mmoja, na ninaishi Kadutu, hapa Bukavu. Mkinikuta sokoni nikibishana bei mtadhani sina shida duniani. Mdomo ninao, kweli! Lakini wasomaji wenzangu, yaliyonipata yalinifunga mdomo huo, na hata leo sijui nianze wapi...

Nianze na treni. Mume wangu, Deo, alikuwa dereva wa treni kule bondeni, kwenye reli ndogo iliyotoka Uvira, kando ya Tanganyika, hadi Kamaniola. Reli yenyewe haikupanda milima kufika kwetu. Deo alikaa kazini huko, na akipewa ruhusa alipanda lori kuja nyumbani, ananuka moshi na mafuta, mkononi ana samaki wakavu. Nilimpenda hivyo hivyo na moshi wake.

Kisha reli ikafungwa! Malori yalikuwa yamekula kazi yake yote, na wakubwa wakaamua vyuma ving'olewe. Deo akarudi na sanduku lake, akakaa kwenye kiti akitazama ukuta. Waume wa wenzangu wakiachishwa kazi hunywa pombe ya kasiksi mpaka waimbe. Wangu hakunywa. Alinyamaza tu, na hilo lilinitisha zaidi.

Baadaye alipata kazi mtaa wa Nguba, hapa hapa mjini, kwa Mzungu mmoja aliyekusanya treni ndogo. Nilicheka nilipoambiwa! Mtu mzima mwenye ndevu, na chumba kizima kimejaa treni za kuchezea kutoka Ulaya, zinazokimbia kwa umeme, na hata watoto wake haruhusu waziguse! Kazi ya Deo ilikuwa kuzipangusa na kuzitengeneza. Siku moja Mzungu alimpa moja iliyovunjika. Mume wangu alikuja nayo nyumbani ameikumbatia kama kitoto kichanga.

Tangu siku hiyo akaanza kukusanya zake. Alikata mikebe ya sardini, akapinda waya, akachonga mbao za masanduku. Wala hazikuwa treni za kubuni. Kila moja ilikuwa ile aliyoiendesha yeye, na kama ya kweli ilibonyea ubavuni, ya mkebe nayo ilibonyezwa. Kisha akaweka reli, tangi la maji, ghala la pamba, mashamba ya mpunga, na kila stesheni kwa jina lake. Meza ikachukua nusu ya sebule. Tukawa tunakula sahani zikiwa mapajani.

Majirani walimcheka, wakasema baba Feza amerudi utotoni. Niligombana nao wote! Mume wangu alikuwa ameanza tena kuongea, kucheka, kumwonyesha binti yetu Feza jinsi treni inavyopunguza mwendo kwenye kona. Kila Jumamosi niliyapangusa yale yote kwa kitambaa chenye maji kidogo. Bonde lile nililijua lote kwa vidole vyangu, na sikuwahi kulikanyaga.

Siku moja nilimtania, nikamwambia aweke na Bukavu yetu, aweke na nyumba yetu, na mimi nimesimama mlangoni.

Hakucheka. Akasema, “Treni haikufikaka Bukavu, maman Feza. Mimi siwezi weka kitu yenye haikukuwaka.”

Nikajiona nina bahati. Mwanaume asiyeweza kudanganya hata kwa mkebe wa sardini!

Pale mezani, karibu na stesheni ya Luvungi, kulikuwa na nyumba ndogo yenye mlango mwekundu, na mbele yake mwanamke wa mti aliyemchonga, mrefu kama kidole. Deo aliniomba nimshonee nguo. Nikampa kipande cha kitambaa kutoka kapu la mabaki. Akakikataa.

“Ule anavalaka ya njano, yenye ndege. Kama ile yako. Ingine haitakuwa sawa.”

Hicho kilikuwa kitenge changu kizuri kuliko vyote, zawadi aliyoniletea yeye mwenyewe kutoka bondeni! Lakini nilifurahi. Niliona mume wangu anataka kitu changu kiwe ndani ya treni zake. Nikakata kwenye pindo, nikashona kwa sindano nyembamba, nikamfunga na kilemba. Ole wangu! Nilijisifu hata kwa majirani...

Feza alipokaribia komunyo ya kwanza, niliteremka bondeni na lori la mfanyabiashara kununua mchele wa sherehe. Tulipita Nyangezi, tukashuka ile milima, moyo wangu unacheza. Sikumwambia Deo kwamba nitafika Luvungi. Nilitaka nirudi nimwambie, nimeiona stesheni yako kwa macho yangu! Hayo ndiyo niliyoyafuata, wasomaji. Niliyafuata kwa upendo.

Lori liliposimama kuongeza maji, nilishuka. Stesheni ilikuwa imefungwa, nyasi zimefunika mahali palipokuwa na reli. Tangi la maji lilikuwa pale pale. Na upande wa pili... nyumba ndogo, mlango mwekundu. Nilipiga makofi kwa furaha. Nikabisha hodi!

Akatoka mwanamke amevaa kitenge cha njano chenye ndege.

Kilikuwa kimechujuka, lakini ningekosaje kukijua? Chake na changu vilitoka mzigo mmoja, mkono mmoja ulivinunua. Nyuma yake alisimama binti mdogo mwenye paji la uso la Feza wangu.

Mwanamke alinikaribisha vizuri. Alinipa maji, akanivutia kiti. Nilipomwambia ninatoka Bukavu, macho yake yakawaka.

“Bukavu? Uko dada ya Deo? Bwana yangu Deo, wa treni?”

Nikainamia maji aliyonipa, nikayanywa. Yeye akadhani nimekubali, akaendelea kuongea, maskini, kwa haraka, kama mtu aliyekosa wa kumweleza.

“Umwambie tuko. Alisemaka treni ikirudi, naye atarudi. Camion ikipiga honi, huyu mutoto anakimbia inje, anawaza ni baba yake.”

Nilikuwa na mdomo wa kutukana soko zima, na sikuweza kumtukana yule. Nilimwachia binti sukari niliyokuwa nayo, nikarudi kwenye lori. Nililia mpaka Nyangezi.

Nyumbani nilimtoa yule mwanamke wa mti kwenye stesheni yake, nikamweka kando ya sahani ya Deo. Alimtazama, kisha akanitazama mimi. Hakukana.

“Ile mambo ilikwisha, maman Feza. Reli ilikufa, nayo ikakufa.”

Ilikufa? Wewe uliyeijenga upya sebuleni kwangu, ukanikalisha niivishe nguo! Nilipiga kelele, majirani wakakusanyika. Kisha nikasema neno ninaloliwaza kila siku. Nilimwambia ateremke, akamweleza yule mwanamke ukweli, kwamba ana mke wa kanisa Bukavu, aache kungoja. Aende, kisha arudi kwetu. Deo alikubali. Alimwahidi Feza mbele yangu kwamba siku ya komunyo atakuwepo.

Feza alipokea komunyo akiwa na gauni jeupe, shingo imegeukia mlango wa kanisa. Baba yake hakuja.

Baadaye alikuja dereva wa lori. Deo alikuwa amebaki Luvungi, akamtuma achukue treni. Hakuulizia nguo zake, wala viatu, ni treni tu! Nilizifunga mwenyewe kwa magazeti, moja moja, zisivunjike. Yule mwanamke wa mti nilimfunga pamoja nazo, sikumvua kitenge chake. Amekaa Luvungi, mahali pake. Mimi katika dunia ile yote sikuwa na hata kijiti.

Dada zangu ambao waume zenu wanafanya kazi mbali, kwenye reli, kwenye meli, kwenye machimbo, ninawaomba. Msitosheke na hadithi zao na zawadi zao. Nendeni mkaone wanapolala, mapema, kabla watoto hawajajifunza kungoja. Nanyi kina baba, mwanamke akiwauliza yuko wapi katika maisha yenu, mjibuni kweli siku hiyo hiyo.

Meza sasa iko tupu, tunakulia hapo tena, mimi na Feza. Lakini lori likipiga honi barabarani anaacha sahani, anakimbia nje.