Aliyemwokota Kibonge

Msusi hasahau kichwa alichokishika mwenyewe. Asubuhi ya pili ya likizo, katika nyumba waliyokodi ufukweni, Mama Kibonge alimfunga binti yake mabutu mawili, njia katikati ya utosi, kisha akaenda kujilaza kwa sababu kichwa kilikuwa kinamgonga. Alipoamka alasiri alimkuta mtoto ameketi sakafuni sebuleni na baba yake. Njia ilikuwa imehamia kushoto, na mabutu yalikuwa matatu.

"Nani kamfunga mtoto nywele?" aliuliza.

"Mimi," mumewe akajibu, macho kwenye dirisha.

"Wewe? Wewe ambaye kamba za viatu vyako hufunguka kabla hujafika getini?"

"Nilijaribu tu."

Mama Kibonge alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye ile njia. Ilikuwa imenyooka kama iliyopigwa rula, na vifundo vilikuwa vidogo, vimekazwa vizuri, kazi ya mtu aliyeshika chanuo tangu utotoni. Alicheka. Alisema kumbe ameolewa na msusi mwenzake na hakuambiwa, halafu akaenda jikoni kutafuta chai. Mumewe naye alicheka, ila kicheko chake kilikuwa kifupi.

Baba Kibonge alikuwa mwalimu wa udereva. Kutwa nzima kazini kinywa chake hakikupumzika: tazama kioo, tazama pembeni, macho mbele. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba wanaosema ajali haina kinga ni wavivu wa kuangalia. Mtu wa namna hiyo ungemwachia mtoto wako bila wasiwasi, na mkewe ndivyo alivyofanya.

Sasa sikiliza alichofanya. Kulikuwa na mechi mchana ule, na Kibonge alikuwa na miaka miwili, umri ambao mtoto akiona maji hukimbilia humohumo bila kuuliza. Huwezi kutazama mechi na mtoto wa hivyo. Basi baba mtu akachimba shimo mchangani, akamtumbukiza mtoto humo amesimama, akamfukia hadi kifuani na kushindilia vizuri, akampa kijiko cha plastiki achezee. Mtoto alicheka. "Nimevuta breki ya mkono," alijisemea, akaridhika na akili yake, akaenda kukaa nyuma ya ukuta wa nyumba ambako jua halikupiga kioo cha simu.

Aliporudi, maji yalikuwa yamepanda na kushuka. Mahali pa shimo palikuwa tambarare. Hapakuwa na kijiko wala mtoto. Alipiga magoti akachimba kwa mikono hadi kucha zikapasuka, na hakupiga kelele hata mara moja, kwa sababu kelele zingeleta watu, na watu wangeuliza. Hapo ndipo mimi hushindwa kumwonea huruma, ingawa najaribu.

Halafu akamwona. Kibonge alikuwa ameketi juu ya jiwe kivulini, mbali kidogo na maji, mkavu kabisa, nywele zimefungwa upya, akitazama juu pembeni yake kama anayemtazama mtu aliyetoka kusimama sasa hivi. Jiwe lilikuwa na unyevu karibu naye, alama ya mtu aliyekaa. Baba alimnyakua na kukimbia. Angesema siku ile pengine mambo yangeishia hapo, lakini alipoulizwa nani kamfunga mtoto nywele, alijibu ni yeye.

Kesho yake, baada ya usingizi wa mchana, mabutu yalikuwa manne. Mama Kibonge akamtania tena mumewe, akamuuliza atafungua saluni lini, na yeye akatikisa kichwa tu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ukiwa ndani yake huoni pa kugeuzia.

"Unampaka mafuta gani lakini?" mkewe alimuuliza, pua juu ya utosi wa mtoto. "Yananuka mwani."

"Ya dukani."

"Duka gani?"

"Pale njiani. Nimesahau."

Baada ya hapo mtoto alianza kuwa mgeni. Alikuwa akiita "Mama", na Mama alipokuja mbio, Kibonge alimpita kwa macho na kutazama mlango wa bafu. Alikataa kulishwa. Kijiko kikija mkononi mwa mama yake alifunga mdomo na kugeuza uso. Siku moja mama alikasirika, akaweka sahani chini kwenye kizingiti cha bafu akaenda kufuta machozi, na aliporudi sahani ilikuwa tupu, mtoto akiwa na uji kidevuni, na pale sakafuni pembeni yake pakiwa na maji.

"Nimemkosea nini mwanangu?" alimuuliza mumewe siku hiyo, kwa sauti ya chini, mtoto asisikie. "Ni kwa sababu nililala, eti? Tumekuja kupumzika naye, mimi nikalala, nikamwacha."

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Lilikuwa jibu fupi tu. Alimpapasa mkewe mgongoni, akasema watoto ndivyo walivyo, huwa na siku zao. Mke alilia zaidi, akasema kweli ni yeye, mama gani analala ufukweni na mtoto mdogo. Baba Kibonge alimwacha aendelee kujilaumu, na aliona haya, na haya hiyo ndiyo iliyomfunga mdomo zaidi.

Alasiri iliyofuata walilala wote watatu kitanda kimoja, joto limewalegeza, mtoto upande wa ukutani, baba katikati, mama ukingoni. Baba alikuwa ameelekea kwa mkewe. Alikuwa kati ya usingizi na macho aliposikia nyuma yake chanuo likipita kwenye nywele, taratibu, kwaru, kwaru, na sauti ya mtu anayeimba bila maneno kama anavyoimba mtu aliyezoea kazi yake na anayeipenda, na akataka kugeuka akakumbuka kwamba kati ya mtoto na ukuta hapakuwa na nafasi ya hata mto, sembuse mtu kukaa, na wakati anawaza hivyo godoro likabonyea nyuma yake kwa uzito wa aliyejisogeza avute kichwa cha mtoto karibu zaidi, na tone la maji baridi likamdondokea shingoni, likateleza polepole hadi kifuani, na harufu ya mwani ikajaa chumbani mpaka akaihisi kwenye meno, na mbele yake, pale pale, mkewe akafumbua macho.

Hakupiga kelele. Alitazama juu ya bega la mumewe kwa muda mrefu.

"Baba Kibonge," alinong'ona. "Huyo anayemsuka mtoto ni nani?"

"Simjui."

"Si ulisema ni wewe?"

Alifumba macho. Chanuo likanyamaza.

Mtunza nyumba, aliyekuwa akija kufagia ua, hakushangaa alipoulizwa kama kuna mganga karibu. Alimleta kwa pikipiki. Mganga alikuwa mwanamke wa makamo mwenye raba miguuni na mafua makali, akipenga kamasi kila baada ya sentensi, na Mama Kibonge alipomwona aliona kama wamedanganywa. Lakini mganga alipoingia sebuleni hakuuliza kitu. Alimtazama mtoto nywele, akanusa, akaenda kuweka kiganja kwenye mlango wa bafu uliokuwa umefungwa, akakirudisha kimelowa.

"Ni mama," alisema. "Si mkorofi huyu."

"Mama wa nani?" Mama Kibonge akauliza.

"Ngoja nikueleze, dada yangu. Hawa wa ufukweni hawaibi mtoto wa mtu. Wana heshima kuliko sisi. Ila wakikuta mtoto kafukiwa mchangani na hana mwenyewe, kwao huyo katupwa. Wanaokota, wanalea." Alipenga. "Huyu aliokotwa. Nani alimfukia?"

Friji ilikuwa ikinguruma jikoni. Mama Kibonge alimkumbatia mtoto, ambaye alikaa mapajani mwake mzito na asiyejali, kama mtoto wa jirani.

"Mimi nililala," alianza kusema. "Kama kuna kosa ni la kwangu, mimi ndiye—"

"Si wewe," mumewe akasema.

Mganga alimgeukia. "Basi aliyefukia ndiye wa kuomba. Useme yote mbele yake na mbele ya mwenzio. Usipunguze. Ukipunguza tutarudishiwa mtoto nusu."

Akasema. Alisema shimo, alisema mchanga, alisema mechi na ukuta wa nyumba na jinsi alivyochimba. Alisema mabutu hakuyafunga yeye, hata siku moja. Alikuwa akitazama sakafu, kwa hiyo hakuona uso wa mkewe. Aliona tu miguu yake ikisimama na kurudi nyuma, hatua kwa hatua, hadi ilipogusa kochi la mbali.

"Naomba mwanangu," alimaliza. "Nimekosa. Naomba mwanangu."

Kibonge alifungua mdomo. Mtoto aliyejua maneno kumi na kitu alisema kwa sauti tulivu ya mtu mzima, isiyo na hasira yoyote:

"Hajamaliza."

"Malizia, baba," mganga akanong'ona.

"Nimemaliza."

Maji yakaanza kutoka chini ya mlango wa bafu, kidogo kidogo, yakifuata mistari ya vigae, yakazunguka miguu ya meza bila haraka na kuja upande wa kochi, na kadiri yalivyosogea ndivyo mtoto alivyozidi kupoa mikononi mwa mama yake, kwanza vidole, halafu viganja, halafu masikio, mpaka mama akaanza kumsugua kwa gauni lake huku akirudia kwa kunong'ona, sema, sema chochote kilichobaki, hata kiwe nini sema, nakuomba, na mume akajua kwamba kilichobaki ni kitu kidogo, sentensi moja, na kwamba angetoa mkono wake ukatwe kuliko kuitoa sentensi hiyo mbele ya mwanamke huyu.

"Alilia," ile sauti ilisema. "Nilikuwa mbali sana, chini, na mimi nikamsikia. Wewe ulikuwa wapi?"

Maji yakafika kwenye kochi.

"Nilimsikia," akasema. "Nilimsikia tangu mwanzo. Nikasema atachoka, atanyamaza. Nikaongeza sauti ya simu."

 Mama Kibonge alitoa pumzi iliyokatika katikati, akafunika uso wake kwa nywele za mtoto.

"Basi mchukue," sauti ilisema, na ilikuwa sauti ya mtu anayetoka machozi. "Hicho ambacho hukukitaka, naondoka nacho mimi."

Mlango wa bafu ulifunguka wenyewe na kujifunga. Maji yalirudi yalikotoka, yakaacha vigae vikavu. Mganga alinusa mara mbili, akasema pua yake imeziba lakini hata hivyo anaona hewa ni safi. Alitaka aonyeshwe sinki anawe mikono.

Mabutu ya Kibonge yalikuwa yamefumuka yote. Uso wake ulijikunja, ukawa mwekundu, machozi yakamtoka, akamng'ang'ania mama yake shingoni kwa mikono miwili. Mama alikuwa akimbembeleza huku na yeye analia: haya mwanangu, haya mama yangu, nipo, nimekusikia. Baba alisimama pale alipokuwa, akimtazama mtoto alivyoachama. Watoto wakilia sana hubana pumzi kwanza. Alisubiri avute, sauti itoke.

Mtoto alivuta pumzi. Aliachama tena. Kisha, juu ya bega la mama yake, alimwona baba, akamnyooshea mkono, midomo ikigongana na kuachana, ikigongana na kuachana.

Mama Kibonge alisema bila kumtazama, "Anakuita. Humsikii?"

Alisikia friji jikoni. Alisikia mganga akipenga kamasi, na mawimbi nje, na sauti ya mkewe kila neno. Alisogea karibu, akauweka uso wake mbele ya uso wa mtoto, karibu mpaka akahisi pumzi yake ya joto shavuni, pumzi tu bila sauti.

"Namsikia," akasema.