Alikopeleka Hasira Zake

Siku Hae-rim alipokutana na Seung-taek alikuwa amekwama kwenye lifti, na kwa kuwa Hae-rim ni Hae-rim, alikuwa anafoka. Lilikuwa jengo la nguo za jumla pale sokoni Dongdaemun, wateja wamejaa hadi kwenye ngazi, naye amekumbatia furushi la sweta huku pindo la koti lake jekundu limebanwa na mlango. Alibonyeza kitufe cha dharura, akamwambia fundi aliyeitika kwamba kama hawezi kufungua mlango haraka, akauze viazi vya kuchoma.

"Dada, umekula lakini?" sauti ikauliza.

"Bado."

"Basi nusu ya hasira hiyo ni njaa. Nakuja."

Mlango ulipofunguka, mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye ovaroli ya kijivu na mikono iliyojaa grisi, anatabasamu utadhani aliyefokewa ni mtu mwingine. Jioni hiyo walikula tambi za moto pamoja. Miti ilipoanza kupukutisha majani, walikuwa wamevaa pete za fedha zinazofanana, na Hae-rim anamwita Oppa, yaani kaka, kama wasichana wa kwao wanavyowaita wapenzi wao, tena kwa kudeka kiasi kwamba wauzaji wenzake dukani wanamcheka.

Tatizo lilikuwa moja tu: Seung-taek hakasiriki. Hae-rim akichelewa, anangoja. Akimkatia simu katikati ya neno, anapiga tena kuuliza kama amefika salama. Wengine wangemshukuru Mungu. Hae-rim alikulia kwenye nyumba ambayo watu wanaopendana hufokeana mpaka sahani zinatikisika, na utulivu ule ulimtia hofu. Alimwambia mama yake kwamba asiyekukasirikia hakujali. Mama, ambaye hakutaka mkwe fundi wa lifti, hakuchelewa kumpangia kukutana Jumamosi na daktari wa meno, mtoto wa rafiki yake.

Alhamisi jioni Hae-rim alipiga simu.

"Oppa, Jumamosi nakwenda kukutanishwa na mwanamume. Mama amepanga. Ni daktari wa meno."

Alisikia pumzi ikivutwa, ikashushwa polepole.

"Umeamua mwenyewe?"

"Nimeamua."

"Basi vaa koti zito. Wamesema theluji itaanguka."

"Koti? Ndilo la kusema hilo?"

"Hae-rim, nipe muda kidogo."

"Haraka, Oppa. Sema kitu. Nitukane basi."

Hakumtukana. Hae-rim akakata simu, akalia mpaka macho yakavimba, kisha akaivua pete kwa sabuni.

Kesho yake alfajiri alikwenda kanisani kwa kina Seung-taek, ambako jamaa huyo husali kila siku kabla ya kazi. Alikusudia kumrudishia pete yake mbele za watu, yaishe. Alikuta taa zimepunguzwa. Waumini waliita "Bwana!" mara tatu, kisha kila mmoja akaanza kuomba kwa sauti kubwa, wote kwa pamoja, kelele kama mnadani, mtu asimsikie hata jirani yake. Hae-rim akajipenyeza kwenye benchi la nyuma ya Seung-taek, akainama amguse bega. Mkono wake ukabaki hewani.

"Nimekasirika, Bwana!" Seung-taek alikuwa anapiga kelele, ngumi zinatwanga mapaja yake. "Daktari wa meno! Natamani yang'oke yake yote! Na juzi kaniacha kwenye baridi saa nzima, kaja ananigombeza mimi kwa kukosa glavu. Nilipiga friji teke, Bwana, uliniona!"

Hae-rim alikumbuka alivyomwona akichechemea. Seung-taek alikuwa amemwambia kwamba ameteleza kwenye barafu.

"Baba alimfokea mama mpaka mama akaacha kuimba ndani ya nyumba. Sitaki Hae-rim anyamaze kwa sababu yangu. Ipokee wewe hasira hii, imalizikie hapa. Ananichosha, lakini..."

Mchungaji akagonga kengele. Kanisa zima likanyamaza, isipokuwa mtu mmoja.

"...nampenda, na huyo mng'oa meno asimchukue!"

Vichwa vyote viligeuka. Seung-taek naye akageuka ili aombe radhi, na hapo akamwona. Masikio yake yakawa mekundu kulishinda koti la Hae-rim. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Sema basi, kijana," mama mzee mmoja akamhimiza. "Tunachelewa kazini."

"Mwache, Bibi," Hae-rim akasema, machozi yanamtoka pamoja na kicheko. "Ajipange. Mimi sina haraka."

Mchungaji, mtu mwenye huruma, akaanzisha tena kilio cha "Bwana!" mara tatu. Kelele zikalipuka upya, na katikati yake Seung-taek akasema alichokuwa nacho moyoni, taratibu, neno kwa neno. Aliyemsikia ni Hae-rim peke yake. Hae-rim akampa ile pete, akanyoosha kidole ili avishwe tena, akangoja.