Siku Thelathini za Kapteni Sufyan

Ofisi ya mizigo Deira, Dubai, Jumamosi mchana, imefurika watu mpaka mlangoni, na Kapteni Sufyan, mistari minne ya dhahabu mabegani, anabishia kilo mbili zilizozidi kwenye boksi la kumpelekea mama yake Unguja. Masuda, karani mwenye mtandio wa zambarau, akamwambia yeye arushe ndege, mizani amwachie karani. Sufyan akacheka, akaomba namba ya simu. Laiti wangeendelea kubishania kilo tu.

Sufyan alirusha ndege za mizigo za kampuni ya Marekani yenye kituo hapa Dubai, na chama cha marubani kilimtuma kujadili mkataba mpya. Mwaka wa tatu sasa. Sheria ya shirikisho ya Marekani haiwaruhusu kugoma mpaka msuluhishi wa serikali awaachilie kutoka kwenye mazungumzo, kisha wangoje siku thelathini. Kila wakidai, kampuni hujibu: tupeni muda. Mtu akilishwa jibu hilo miaka mitatu, akili humwenda kombo.

Katika hali hiyo, mapenzi yake na Masuda yalipokolea, akapeleka barua ya posa. Mjomba Ghanim, mlezi wa Masuda, akajibu kiungwana: tumeipokea, tupeni muda tuulizane. Kila Mzanzibari anajua hiyo ni nusu ya ndiyo. Sufyan, Mzanzibari mzima, akaandika barua ya pili: anatoa siku thelathini, zikipita bila jibu atajihesabu huru.

Masuda akampigia simu.

"Umemwandikia nini mjomba?"

"Habibti, nimeweka tarehe tu. Bila tarehe watu hawasogei."

"Watu gani, Sufyan? Alikuwa anangojwa mama mkubwa afike kutoka Maskati, basi. Sasa mjomba anasema unamtishia nyumbani kwake."

"Nilidhani wananizungusha."

"Mimi si kampuni yako. Khalas, umenichosha."

Akakata. Wiki nzima hakupokea simu yake, na wiki nzima alipima mizigo ya watu macho yamemvimba. Alimpenda mno, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Ijumaa baada ya sala Sufyan akaja kwa mjomba, kanzu imepigwa pasi, pamoja na shangazi yake Lamees, aliyemkataza kufungua mdomo. Mtu anayewasemea marubani elfu mbili akakaa saa nzima kimya, akiombewa radhi kama mtoto aliyevunja kioo cha jirani. Mjomba Ghanim alimsikiliza bibi yule mpaka mwisho, kisha akamgeukia Sufyan.

"Na tungekaa kimya, siku ya thelathini na moja ungefanya nini?"

Sufyan akamtazama shangazi yake, shangazi akaitikia kwa kichwa kumruhusu.

"Ningeandika tena, mzee wangu. Kumwacha siwezi."

Mjomba akacheka, akasema huyo Masuda yuko nyuma ya pazia tangu walipoingia, na ajibu mwenyewe. Masuda akatoka akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Nimekubali," alisema, "ila kukusamehe bado."