Baridi ya Nerio

Haya yalimpata rafiki yangu Eudomar, hapa hapa Maracaibo, na ujeuri wake ndio uliomponza. Kaka yake Nerio alipofariki, Eudomar alilivuta gari kuukuu la marehemu hadi uani kwake, sala za siku tisa zikiwa bado hazijaisha.

"Shemeji, hilo bado ni lake," alisema Yoleida, mjane wa Nerio. "Subiri zitimie tisa."

"Maiti hasikii joto," Eudomar akacheka.

Adhuhuri, jua likiunguza, alianza kuitengeneza AC mwenyewe. Akaing'oa kompresa, ile pampu inayoleta baridi, akaiweka mezani, kisha akaingia garini kukagua matundu ya hewa. Injini ilikuwa imezimwa.

Mlango ukajifunga, pa! Matundu yakaanza kuvuma baridi kali, na ndani ya mvumo huo mlikuwa na kikohozi cha Nerio: mara mbili kwa haraka, mara ya tatu kwa kuvuta. Eudomar akavuta kitasa, mlango ukagoma.

Yoleida akainama dirishani. Alikuwa amekuja kulidai gari.

"Shemeji, unasikia joto?"

Eudomar akagonga kioo, meno yakigongana kwa baridi. Kule mezani, kwenye jua kali, kompresa isiyounganishwa na chochote ilikuwa imeganda barafu, nayo ikakohoa.