Jina Ambalo Ukoo Huliruka

Sss... sss... sss...

Mtu alikuwa anabembeleza mtoto. Usiku mkubwa, na sauti inatoka ng'ambo ya ua, kwenye nyumba ya Mtemi Werema, ambamo halali mtu. Mume wangu Gody ndiye mtunzaji wa nyumba hiyo. Mchana anawafungulia wageni wanaofika Butiama kuona vitu vya kale, jioni anafunga, funguo zinalala ukutani kwetu. Nami nilikuwa nimembeba mwanangu Debora, wa miezi miwili, analia. Akipaza yeye, na ile sauti inapaza.

Ilikuwa inamjibu.

Asubuhi nikamweleza mama mkwe, Gaudensia. Akasema mtoto anataka jina. Kwenye ukoo wao mtoto akilia hivyo wazee wanamtajia marehemu mmoja mmoja. Atakaponyamaza, aliyetajwa hapo ndiye aliyemjia, anaitwa jina hilo.

"Ana jina tayari, mama. Ataitwa Debora, padri anajua."

"Haya, msomi wa Fomu Foo. Mnyamazishe na cheti chako."

Nikacheka.

Jioni Gody akapiga simu, pikipiki imemharibikia Musoma, nikamfungie ile nyumba. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda. Kazi yenyewe ni madirisha tu. Nikamaliza sebule, nikaingia chumba cha nyuma, chenye kitanda cha ngozi na kibuyu cha maziwa kilichokauka miaka mingi.

Kilinuka maziwa mabichi.

Mlango ukafungwa nyuma yangu. Taratibu, kama unavyofunga ukiwa umetoka kumlaza mtoto. Nikavuta. Nikaweka mguu ukutani nikavuta tena. Dirishani kuna nondo, nikaita mama, mama, hakuna anayesikia, Debora analia mpaka anakosa pumzi, mimi nasali na sala zinanichanganyikia, Baba Yetu inaingia kwenye Salamu Maria, sijui hata nasema nini...

Ndipo mtu akaanza kutaja majina. Nyuma ya sikio langu.

"Nyangeta..."

Mtoto analia.

"Wakuru..."

Analia.

"Bhoke..."

Kisha likaja jina la nne. Siliandiki hapa.

Debora akanyamaza.

Mgongo wangu ukawa mwepesi, kama kuna mikono imempokea kwa chini. Mlango ukafunguka wenyewe.

Nilipomtajia mama mkwe jina lile, alikaa chini palepale kwenye vumbi.

"Nani kakwambia? Hilo tunalirukaga."

Akaninong'oneza. Mwenye jina alikuwa mke mdogo wa Mtemi. Walimfungia chumba kile, kichanga chake wakakiacha nje, kinalia, mama anakisikia. Walikufa wote wawili. Kwa nini walimfungia, hakuniambia.

Tangu siku hiyo hatutoki. Nilijaribu kumpeleka Debora kwetu Kisorya. Tulipovuka tu ua wa minyaa, alilia mpaka midomo ikawa ya bluu, pumzi ikakata. Nikakimbia kurudi, akatulia. Nikajaribu na Gody, tukajaribu usiku, tukajaribu amelala. Ni vilevile. Nesi alikuja hapa nyumbani akampima, akasema mtoto mzima kabisa. Na halali pengine ila kwenye kile kitanda cha ngozi, nyumbani kwa Mtemi. Mimi nalala chini, pembeni yake, macho wazi.

"Iko njia," mama mkwe aliniambia juzi. "Mtajie jina hilo mtoto mwingine anayelia. Akinyamaza huyo, wa kwako ataachiwa."

Jana akaja jirani yetu Jeska, kichanga chake kinalia tangu alfajiri. Akakaa kizingitini kwa Mtemi, na yeye machozi yanamtoka.

"Dada Naomi, wa kwako unamnyamazishaga na nini?"

Nyuma yangu, chumbani, mtu akavuta pumzi akaishikilia.

Anangoja.

Nikamtazama Debora. Nikafikiria ziwa ambalo hajaliona, bibi yake wa Kisorya ambaye hajampakata. Ni neno moja tu. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Mpeleke hospitali, mdogo wangu," nikasema. "Na hapa usimlete tena."

"Yaani unanifukuza?"

"Nakufukuza. Nenda."

Aliondoka anasonya. Chumbani pumzi ikashuka, ndefu, na Debora akacheka usingizini, kicheko cha mtu mzima.

Hapa nyumbani jina hilo tunalijua wawili, mimi na mama mkwe. Nimeshika rozari nikaahidi: sitamtajia mtu mwingine. Hata Debora mwenyewe, siku atakayoniuliza kwa nini hatutoki.